Mguu Usiouma Ndio wa Kuangaliwa

Mwaka 1978, huko Laetoli katika eneo la Ngorongoro, timu ya mwanaakiolojia Mary Leakey ilifukua nyayo zilizokanyagwa miaka milioni 3.6 iliyopita. Volkano ilimwaga jivu, mvua ikalilowesha, wapitaji wakapita, kisha jivu jingine likaja kuzifunika alama zao. Kisigino kinaonekana. Upinde wa wayo unaonekana. Kidole gumba kimeelekea mbele pamoja na wenzake, hakikuchepuka pembeni kama cha sokwe. Viumbe wale walikuwa na ubongo mdogo, usiouzidi sana wa sokwe, na zana za mawe za kale zaidi zinazojulikana, zile za Lomekwi upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, ni za miaka milioni 3.3 iliyopita. Mguu ulifika kwenye ubinadamu kabla ya kichwa.

Hilo hunijia akilini kila tunapojisifu kwa akili zetu na kazi za mikono yetu. Tulisimama kwanza, mengine yakafuata. Kila mguu, kuanzia kifundo kwenda chini, una mifupa 26. Miguu miwili ina 52, yaani robo ya mifupa yote 206 ya mtu mzima imekusanywa mahali padogo kiasi hicho, chini kabisa ya mwili, ibebe kila kitu kilicho juu yake. Na bado kiungo hiki kilichotangulia ndicho tunachokikumbuka mwisho. Uso tunautazama kwenye kioo kila asubuhi. Nyayo zetu wengi wetu hatujaziona tangu mwaka uanze.

Wazee wetu na dini zetu hawakuwa hivyo. Mwislamu anapotawadha huosha miguu hadi vifundoni, na aliyefundishwa vizuri hupitisha kidole katikati ya vidole, maji yafike pote. Wakristo Alhamisi Kuu hukumbuka jinsi Yesu alivyovua vazi lake, akajifunga kitambaa kiunoni, akawaosha wanafunzi wake miguu, kazi iliyokuwa ya watumwa, mpaka Petro akaona haya na kukataa. Katika harusi za jadi za Waswahili, bwana harusi alipofika kwa mkewe alioshwa miguu, na aliyemwosha alipata tunzo yake, iliyoitwa kiosha miguu. Hadi leo nyayo za bi harusi wa Lamu, Mombasa na Unguja hupambwa kwa hina na piko kwa saa nyingi, tena na wanawake wenye kuijua kazi yao. Mtu aliyetoka safari alipewa maji ya kunawa miguu kabla ya kuulizwa habari za huko atokako.

Hata mambo makubwa ya dola yamewahi kushushwa hadi miguuni. Aprili 11, 2019, huko Vatican, Papa Fransisko, akiwa mzee wa miaka 82, aliinama kwa shida akabusu viatu vya viongozi wa Sudan Kusini, wakiwemo Rais Salva Kiir na mpinzani wake Riek Machar, akiwasihi waidumishe amani. Waliokuwapo walishtuka. Walishtuka kwa sababu kila mtu, mwenye dini na asiye nayo, anajua maana ya mkubwa kujishusha hadi kwenye mguu wa mwenzake.

Kwa hiyo heshima ya mguu tunayo. Tatizo ni kwamba tumeiweka kwenye siku maalumu. Siku ya harusi tunaupamba, siku ya ibada tunauosha, na siku zilizobaki tunangoja ulalamike. Mimi naamini hapo ndipo tunapokosea, na kosa hilo linaanzia miguuni lakini haliishii huko: tumezoea kumhudumia anayepiga kelele, na kumwacha anayenyamaza tukidhani hana shida.

Tuanze na kisukari. Sukari ikikaa juu katika damu kwa miaka mingi, hudhuru mishipa ya fahamu, na ile mirefu zaidi huathirika kwanza. Ndiyo sababu ganzi huanzia vidoleni mwa miguu, ikapanda taratibu. Mishipa ya damu nayo huziba, na kidonda kikitokea kinakosa damu ya kukiponya. Mtu wa namna hiyo hukanyaga msumari asijue. Kokoto linaweza kukaa ndani ya kiatu chake kutwa nzima. Huota moto wa mkaa wakati wa baridi, ngozi ikaungua, naye ameketi anazungumza na wajukuu. Madaktari wa Dar es Salaam wameandika katika majarida ya tiba kuhusu wagonjwa wa kisukari waliong'atwa na panya miguuni usiku, nao hawakuamka.

Sasa mtoto wake anapiga simu kutoka mjini. "Shikamoo mama. Miguu inaendeleaje?" Mama anajibu, "Marahaba mwanangu. Miguu haina neno, namshukuru Mungu." Wala hasemi uongo. Haimuumi. Ule mguu wenye kidonda chini ya wayo, kilichoanza kama lengelenge la kiatu kipya, haumpi habari yoyote. Siku harufu itakapoanza kusikika chumbani, usaha utakuwa umefika kwenye mfupa, na daktari atakuwa hana la kusema ila moja. Mwaka 2005 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari liliitumia Siku ya Kisukari Duniani, Novemba 14, kuzungumzia mguu, likasisitiza kwamba hadi asilimia 85 ya miguu inayokatwa kwa sababu ya ugonjwa huo ingeweza kunusurika. Na kinachoinusuru hakihitaji mashine ya bei kubwa. Ni macho ya mtu, kila siku, chini ya wayo na katikati ya vidole.

Katika nyumba ya Mwislamu aliye na kisukari, basi, udhu ni neema ya mwili pia. Anayetawadha mara tano kwa siku ameigusa miguu yake mara tano. Akiongeza mambo mawili tu, kuikagua na kuikausha vizuri katikati ya vidole baada ya maji, atakuwa amefanya nusu ya kazi ya kliniki. Nusu nyingine ni ya jamaa zake, kwa sababu mzee mwenye macho hafifu na mgongo mgumu haoni chini ya wayo wake mwenyewe. Lazima aonewe na mtu.

Wapo pia wasioweza kulalamika kwa sababu hawajajua kusema. Takriban mtoto mmoja katika kila elfu huzaliwa na nyayo zilizopinda kuelekea ndani, hali inayoitwa mguu kifundo. Mtoto mchanga halii kwa ajili yake, haumuumi. Maumivu na dhihaka vitakuja baadaye, atakapoanza kukanyagia ubavu wa mguu na wenzake kumwita majina. Daktari Ignacio Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi Iowa nchini Marekani, alionyesha kuwa mguu huo unaweza kunyooshwa bila upasuaji mkubwa: daktari anaukanda na kuugeuza kidogo kidogo, anaufunga plasta inayobadilishwa kila wiki kwa wiki kadhaa, mara nyingi anakata kano ya kisigino kwa mkato mdogo, kisha mtoto anavaa viatu maalumu usiku kwa miaka michache. Tiba hii inapatikana katika nchi zetu. Kinachoikwamisha mara nyingine ni majirani wanaomnong'oneza mama kwamba amerogwa, au kwamba Mungu kapenda hivyo. Mungu hakukataza plasta.

Wengine wanaumia kweli, ila aibu imewaziba mdomo. Nazungumzia funza, ambao wengine huwaita tekenya. Mdudu huyu hakuwa wa kwetu. Alitoka Amerika ya Kusini, akaingia Angola mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazili, na kabla ya karne kwisha alikuwa ameivuka Afrika nzima hadi mwambao wetu, kwa miguu ya wapagazi, askari na wafanyabiashara. Jike huingia kwenye ngozi, hasa pembeni ya kucha, akanywa damu na kuvimba kwa mayai. Hustawi kwenye sakafu ya vumbi, kwenye nyumba ambayo maji yanabebwa kutoka mbali na viatu ni vya kwendea kanisani. Kwa hiyo mguu wenye funza unaonyesha umaskini wa nyumba, na sisi tumeugeuza kuwa dalili ya uvivu wa mtu au laana ya ukoo.

Nimewahi kuona picha za watoto waliopangwa mstari uani mwa shule, miguu imewekwa juu ya benchi, wageni wanawachokoa kwa pini huku kamera ikiwalenga nyuso. Waliopiga picha walikusudia msaada. Lakini mtoto yule atakuwa mtu mzima, na picha itakuwapo. Zaidi ya hayo, pini moja ikipita miguu ya watu wengi inaweza kupitisha pepopunda, homa ya ini na virusi vya Ukimwi. Zipo dawa za kupaka na za kulowekea miguu zinazomuua funza pale alipo. Kinachotakiwa ni dawa hizo, maji, sabuni, sakafu iliyosakafiwa, na mlango ufungwe wakati mtoto anatibiwa.

Hali ni hiyo hiyo kwa ugonjwa mwingine unaofanana na matende lakini hausababishwi na mbu. Kwenye nyanda za juu zenye udongo mwekundu wa volkano, chembe ndogo za udongo hupenya ngozi ya wakulima waendao pekupeku, na baada ya miaka mingi miguu inavimba isirudi. Wataalamu wanauita podokoniosisi. Uko Ethiopia, Kamerun, Uganda, na Rwanda, ambako uchunguzi wa nchi nzima ulikuta wagonjwa katika wilaya zote 30. Hauambukizi hata kidogo, lakini wagonjwa wametengwa, wakanyimwa hata kuketi karibu na wenzao ibadani. Kinga yake ni kuvaa viatu na kuosha miguu, basi. Mtu analima chakula tunachokula kwa miguu iliyopasuka, kisha tunahama benchi akija kuketi.

Hapa nataka kusema neno juu ya mguu mtupu, maana tunapenda kuusifu. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 bila viatu, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, na Afrika nzima ikajiona imeshinda pamoja naye. Ilikuwa haki yetu kufurahi. Lakini miaka minne baadaye, mjini Tokyo, Bikila huyo huyo alishinda tena, safari hii akiwa amevaa viatu, na alikuwa na kasi zaidi kwa dakika tatu. Mguu mtupu wa bingwa ulikuwa uamuzi wake. Mguu mtupu wa mtoto anayekwenda shule kwenye udongo wenye safura na vipande vya chupa haukuwa uamuzi wa mtu. Tusiuite ushujaa ule ambao ni upungufu wa kiatu.

Na viatu vimekuwa biashara kubwa yenye mafunzo yake. Kiwanda cha Viatu cha Morogoro kilijengwa kwa fedha za Benki ya Dunia, kikikusudiwa kuuza sehemu kubwa ya viatu vyake Ulaya. Hakikufikia hata robo ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa. Wakati huo huo, bila mkopo wa mtu, mafundi wa katambuga, au akala kama ziitwavyo Kenya, waliendelea kukaa chini ya miti yao na tairi chakavu. Mteja akifika, fundi anamwambia asimame juu ya kipande cha tairi, anachora kuuzunguka mguu, anakata, anapigilia mikanda. Viatu hivyo vimevaliwa na wafugaji, wakulima na wapigania uhuru. Naona tofauti yao iko mahali pamoja: kiwanda kilianza na soko la mbali, fundi alianza na mguu uliosimama mbele yake. Nchi yenye ng'ombe wengi kama yetu haikosi ngozi. Inachohitaji ni kuitazama kwanza miguu ya watu wake, umbo lake, barabara zake na mfuko wa mwenye nayo.

Wapo pia vijana wapitao mitaani Dar es Salaam na vikapu vya rangi za kucha, beseni, brashi na jiwe la kusugulia. Wanainama mbele ya wateja wao barazani, wanasugua visigino vilivyopasuka, wanakata kucha, wanapaka rangi. Waume wengine wanawachukia, na watu wanawacheka kwamba mwanaume mzima anashika miguu ya watu. Mimi nawaheshimu. Huenda wanaona miguu mingi kwa wiki kuliko daktari wa zahanati. Laiti manispaa zingewafundisha mambo machache: wasitumie wembe mmoja kwa watu wawili, wasikate sugu ya mtu mwenye kisukari, wamuulize mteja kama anahisi wanapomgusa, na wakiona kidonda kisicho na maumivu wamwambie aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mafundi viatu nao wangefundishwa hivyo hivyo, kwa sababu kiatu kilicholika upande mmoja huonyesha mguu wenye shida. Kinga ingefika mitaani kwa bei ya semina ya siku moja.

Serikali nazo zisikilize pale pasipo kelele. Watu wetu wengi huenda kazini, sokoni na shuleni kwa miguu, lakini barabara tunazozindua kwa utepe ni za magari, na njia ya waendao kwa miguu ikiwepo imegeuzwa maegesho au mtaro usio na kifuniko. Nchini Kenya watembea kwa miguu wamekuwa kwa miaka mingi kundi kubwa kuliko yote miongoni mwa wanaokufa barabarani. Anayetembea hana honi. Ndiyo maana mwenye kupanga barabara anapaswa kumfikiria wa kwanza.

Lipo pia kundi linalonyamaza kwa hofu. Mgonjwa anajua mguu umeharibika, lakini anauficha kwa kanga au suruali ndefu kwa sababu amesikia kwamba hospitali watakata. Akiuficha, anakatwa juu zaidi, au anapoteza uhai. Tunaijenga hofu hiyo sisi wenyewe tunapozungumza juu ya mtu aliyekatwa mguu kana kwamba amekwisha. Hajakwisha. Bikila alipata ajali ya gari mwaka 1969, akapooza kuanzia kiunoni, ile miguu iliyoushangaza ulimwengu haikusimama tena. Akashindana kwa mishale akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, tangu mwaka 1981 kuna chuo kinachofundisha watengenezaji wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika. Mguu wa bandia si fedheha. Mtu ni mtu, ana miguu miwili, mmoja, au hana.

Haya yote yanarudi kwenye jambo moja. Upendo unaongoja kuitwa huchelewa. Mzee anayesema "sijambo" kila siku, mfanyakazi wa ndani asiyeomba ruhusa hata akiumwa, mtoto mtulivu ambaye mwalimu hamwiti jina kwa sababu hasumbui, hao wote wako katika hali ya mguu wenye ganzi. Ukimya wao hautuambii kwamba ni wazima. Kuwauliza kwa mdomo hakutoshi, maana watajibu kwamba hawana neno. Inabidi kusogea karibu, kuinama, na kutazama kwa macho.

Basi nakuomba, msomaji, usiyaache haya kwenye karatasi. Kama una mzazi, babu, shangazi au jirani mwenye kisukari, mwendee jioni hii. Tia maji ya vuguvugu kwenye beseni, uyapime kwa kiwiko chako kwanza, kwa sababu yeye huenda asihisi moto. Osha miguu yake, ikaushe, tazama juu, chini, visigino na kila nafasi kati ya vidole. Paka mafuta, ila usipake katikati ya vidole. Kata kucha zake kwa kunyoosha, bila kuchimba pembe. Kung'uta viatu vyake uone kilichomo. Mwambie asitembee pekupeku, hata ndani ya nyumba. Ukikuta lengelenge, mpasuko, wekundu au kidonda, usimuulize kama kinauma. Mpeleke kituo cha afya kesho asubuhi.